Tone Moja la Jamalgota

Katika sinema za Kihindi kuna mzaha usiochakaa. Mjomba mchoyo anakunywa glasi ya maziwa harusini, au mkwe mwenye majivuno anakaribishwa peremende, na kabla ngoma haijakolea anaonekana akitimka kwenda chooni huku kajishika tumbo. Mtazamaji wa kaskazini mwa India hahitaji kuambiwa alichotiliwa. Anajua ni jamalgota.

Mbegu yenyewe ni ya kahawia na inafanana na mbegu ya mbarika, nayo ni ya ukoo huohuo. Wataalamu wa mimea huuita mti wake Croton tiglium. Vitabu vya Kisanskriti huuita jayapala. Tone moja la mafuta yake linatosha kumharisha mtu mzima. Mbegu hiyo inatambuliwa na Ayurveda kuwa dawa, na hiyohiyo imo katika Jedwali E(1) la Kanuni za Dawa na Vipodozi za India za mwaka 1945, yaani orodha ya vitu vyenye sumu vinavyotumika katika Ayurveda na tiba nyingine za jadi. Dawa ya kunywa yenye kitu cha orodha hiyo lazima ibandikwe onyo kwamba itumike chini ya uangalizi wa tabibu.

Je, yafaa iendelee kuitwa dawa? Nimewakalisha watu wanne katika duka la mitishamba huko Khari Baoli, soko kongwe la viungo la Delhi, wabishane. Watu hao nimewaunda mimi, ila hoja zao zina wenyewe. Yupo vaidya, tabibu wa Ayurveda aliyesoma miaka mitano na nusu chuoni na mingine mingi kwa baba yake. Yupo hakim wa tiba ya Yunani, ile iliyopita kwa Waarabu na Waajemi hadi ikaweka kambi India. Yupo mfamasia wa hospitali, mwanamke ambaye haogopi wazee. Na yupo mteja, mama wa makamo aliyekuja kununua. Ni mwezi wa Oktoba.

MTEJA: Vaidyaji, mvua zimekwisha. Marehemu mama mkwe wangu hakuuacha msimu huu upite bila kutusafisha matumbo nyumba nzima. Mwaka jana ulinipa unga wa nishoth, nikaenda haja mara nne, basi. Huko ni kusafishwa au kubembelezwa? Leo nipe Icchabhedi.

VAIDYA: Mama mkwe wako msimu aliupatia. Mvua ikikatika na jua likarudi, pitta, ile nyongo ya mwili, huchachamaa, na ndipo vitabu vinapoagiza virechana, kusafisha kwa kuharisha. Lakini Icchabhedi haitolewi kama biskuti. Unajua kinachoingia ndani yake?

MTEJA: Najua kinachotoka.

VAIDYA: Zebaki iliyosafishwa, salfa, boraksi, pilipili manga, tangawizi kavu, na jamalgota. Humezwa kwa maji baridi. Wazee walisema kila funda la maji baridi utakaloongeza ni safari moja zaidi ya chooni, na ukitaka ikome unakunywa maji ya moto.

MFAMASIA: Na maji ya moto yasipoikomesha?

VAIDYA: Ndiyo maana mgonjwa haachwi peke yake, binti yangu.

MFAMASIA: Nikiwa kazini naitwa daktari, Vaidyaji, lakini si neno. Nauliza kwa sababu isabgol huvimba kwa maji na kusukuma choo taratibu, ila jamalgota haifanyi hivyo. Jamalgota huuchoma utando wa utumbo, na utumbo humwaga maji kujiokoa. Maji yakitoka, chumvi za mwili hutoka nayo, hasa potasiamu, na moyo unaokosa potasiamu hupiga ovyo. Mtu akizimia chooni saa nane za usiku, glasi ya maji ya moto haimrudishii potasiamu yake.

VAIDYA: Unazungumzia mbegu mbichi. Sisi mbegu mbichi hatumpi mtu. Ganda linamenywa, mbegu inapasuliwa, na kile kijimche kilicho katikati, tunachokiita ulimi, kinatolewa kwa sababu ndicho kitapishacho. Kisha inafungwa katika kitambaa, inaning'inizwa ndani ya chungu cha maziwa ya ng'ombe, inachemshwa saa tatu. Maziwa yanamwagwa mahali ambapo hata mbwa hatayafikia. Mbegu inasagwa, inapakwa juu ya kigae kipya cha udongo kinachofyonza mafuta, halafu inasagwa tena kwa maji ya ndimu. Niambie wewe mwenye maabara: huo ni ushirikina?

MFAMASIA: Hapana. Hiyo ni kemia nzuri. Mbegu ina protini yenye sumu iitwayo krotini, na joto huiharibu. Ina pia esta za foboli, ambazo huyeyuka katika mafuta. Maziwa yana mafuta, na kigae kinafyonza mengine. Aliyeibuni njia hiyo alikuwa mtu makini sana. Ninalouliza ni dogo: baada ya kigae, zimebaki ngapi? Mikebe miwili kutoka kwa watengenezaji wawili ina kiasi kilekile?

VAIDYA: Mtengenezaji mzuri anajua kwa kuigusa.

MFAMASIA: Na mtengenezaji mbaya?

Hapa nawakatiza, maana esta za foboli zina historia ambayo haiwezi kupita hivihivi. Mwaka 1941 Isaac Berenblum, akifanya kazi Oxford, alionyesha kwamba utomvu wa mafuta ya jamalgota ukipakwa kwenye ngozi ya panya iliyokwisha kuguswa na kemikali ya kansa, uvimbe huchipuka mwingi kuliko kemikali hiyo ikiwa peke yake. Miaka ya 1960 Erich Hecker na wenzake huko Heidelberg wakaitenga esta inayofanya kazi hiyo. Mwaka 1982 kundi la Yasutomi Nishizuka huko Kobe likaonyesha kwamba esta hiyo huwasha kimeng'enya kiitwacho protini kinase C, swichi ya ndani ya seli inayohusika na kukua na kugawanyika kwake. Leo hakuna maabara ya biolojia ya seli isiyoifahamu. Ajabu ni kwamba mafuta yenyewe hayajaondoka katika tiba za Kimagharibi: madaktari wa upasuaji wa urembo bado huyachanganya na fenoli kubambua ngozi ya uso yenye mikunjo, na mwaka 2000 Gregory Hetter alionyesha kwamba kumbe kina cha ubambuaji huo kinategemea zaidi jamalgota kuliko fenoli. Kwa Waswahili jambo hili si la mbali sana. Mbono kaburi, uliopigiwa debe wakati fulani kuwa ungetupa dizeli, una esta za jamii hiyohiyo, na ndiyo maana mashudu yake hayalishwi ng'ombe.

VAIDYA: Panya walipakwa mgongoni, tena na tena, baada ya kutiwa kemikali nyingine. Mgonjwa wangu anameza kidonge mara moja. Usinitishe kwa panya.

MFAMASIA: Sikutishi. Sijasema kidonge kimoja kinaleta kansa. Sina ushahidi huo na sitausingizia. Nasema kitu kinachochoma hivyo hakipaswi kutolewa kwa makadirio ya kidole.

Nakiri namuunga mkono hapa, na hasa kwa kuwa hakuichukua silaha ya kansa alipopewa. Wengi huichukua.

HAKIM: Mnasahau kwamba mabishano haya yana umri mkubwa. Imo katika Tirmidhi hadithi ya Asma binti Umays. Mtume, rehema na amani ziwe juu yake, alimuuliza anatumia nini kulainisha tumbo. Akajibu shubrum. Akaambiwa ni kali, ni ya moto. Baadaye akatumia mmea wa sana, na sana ikasifiwa. Shubrum, kwa maelezo ya matabibu wetu, ni mmea wenye utomvu mweupe, wa ukoo huohuo wa jamalgota. Basi tangu wakati huo watu wanaambiwa: mnayo iliyo laini, kali ya nini?

Sana hiyo ndiyo sanamaki, ambayo bibi wa pwani yetu huchemsha hadi leo bila kusoma maandishi ya pakiti.

VAIDYA: Hakim Sahib, hata Charaka, mwenye kitabu chetu cha kale cha Ayurveda, angekukubalia. Charaka aliziweka kwa daraja. Aragvadha ni bora kwa kuharisha kwa upole. Trivrit, hiyo nishoth, ni bora kwa kuharisha kwa raha. Na utomvu wa snuhi, mmea wa miiba, ni bora kwa kuharisha kwa ukali. Kisha akaja kwenye snuhi akaonya: asipewe mwenye tumbo laini, asipewe mwenye uchafu kidogo, na isitumike kabisa ikiwa ipo njia nyingine.

MFAMASIA: Na jamalgota anasemaje?

VAIDYA: Kwa jina la jayapala, hasemi. Wapo wanaodai kwamba dravanti yake ndiyo hiyo, wengine wanakataa. Umaarufu wake ulikuja na vitabu vya rasashastra, vya zebaki na madini, karne nyingi baadaye.

MFAMASIA: Kwa hiyo kile watu wanachokiita dawa ya maelfu ya miaka...

VAIDYA: Ni ya zamani. Si ya zamani kiasi hicho.

Ningependa wanaoandika matangazo ya "hekima ya kale" wayasikie maneno hayo kutoka kwa mwenye hekima hiyo mwenyewe. Kitabu cha kale zaidi kilichopo kinasimama upande wa tahadhari. Ukali umeongezewa na waliofuata.

MTEJA: Lakini hiyo nishoth mnayoisifu mbona haikunifanya kitu?

HAKIM: Mama, uliiona mizizi yake kabla haijasagwa? Sisi huiita turbud, nasi huagiza iwe nyeupe, yenye uwazi katikati, iliyokwanguliwa gome, kisha ipakwe mafuta ya lozi ili isikwaruze matumbo. Nenda maduka kumi ya mtaa huu uombe nishoth. Utapewa vipande vya shina badala ya mzizi, au utapewa mmea mwingine kabisa, Marsdenia tenacissima, unaouzwa kwa jina hilohilo la nishoth nyeupe. Shina la nishoth halina nguvu ya mzizi. Mteja anaona dawa imelala, anasema nipe kali zaidi.

MFAMASIA: Na hivyo ndivyo anavyofika kwenye jamalgota. Ugonjwa haujamshinda. Anayelipa ni yeye, anayedanganya ni muuzaji.

VAIDYA: Hilo halina ubishi. Na nishoth si ya kigeni kwa mtu yeyote. Ni ya ukoo wa viazi vitamu. Ule unga wa Avipattikar ambao watu humeza kwa kiungulia, theluthi yake ni nishoth, na nusu yake ni sukari. Wengi hawajui kwamba wanameza dawa ya kuharisha.

Mpaka hapa wanaelekea kupatana, na mimi sipendi mjadala unaopatana mapema. Jambo zito zaidi halijaguswa. Dawa nyingine nyingi zinakuacha ukisubiri: umemeza, hujui kama imefanya kazi. Ya kuharisha haikuachi na shaka. Inatangaza kazi yake kwa sauti, na mgonjwa na tabibu wote wawili wanasikia. Ndiyo maana iliaminiwa kila mahali. Wakati wa homa ya manjano ya Philadelphia mwaka 1793, Benjamin Rush, mmoja wa waliotia saini Azimio la Uhuru wa Marekani, aliwaharisha wagonjwa kwa kalomeli, ambayo ni chumvi ya zebaki, pamoja na jalapa, mzizi wa Meksiko ulio wa ukoo mmoja na nishoth. Vidonge vyake vilibebwa na msafara wa Lewis na Clark wa kuvuka bara la Amerika, na wanajeshi wakaviita radi. Madaktari wa Kiingereza waliokuwa India waliyachukua mafuta ya jamalgota wakayapeleka kwao katika karne ya 19. Mgonjwa aliyepoteza fahamu kwa kiharusi alidondoshewa tone ulimini. Tumbo liliitika. Kiharusi hakikuitika, ila nani alikuwa anakiangalia?

MTEJA: Mimi sina kiharusi. Mimi nikisafishwa najisikia mwepesi. Usingizi unakuja, ngozi inang'aa, chakula kinapata ladha. Hayo si uongo.

MFAMASIA: Si uongo, mama. Lakini hebu mwache Vaidyaji atueleze virechana kamili inavyokwenda.

VAIDYA: Kwanza samli ya dawa, asubuhi tupu, kipimo kikiongezeka kila siku, siku tatu hadi saba. Halafu mafuta ya mwili na kutokwa jasho. Ndipo siku ya dawa yenyewe. Tunahesabu safari: kumi ni kusafishwa kidogo, ishirini ni wastani, thelathini ni kikamilifu, na zile za mwanzo zenye kinyesi hazihesabiwi. Mwishoni hutoka ute, nasi tunasimama hapo. Baadaye anarudi chakulani polepole: maji ya wali, uji mwepesi, uji mzito, mchuzi wa choroko, hadi chakula cha kawaida. Hana kazi, hana jua, hana hasira.

MFAMASIA: Wiki mbili bila kazi, bila kukaanga, bila ugomvi wa mkwe, mtu anapikiwa uji na kukandwa mafuta. Nani asingejisikia mwepesi? Nitajuaje kwamba wepesi huo ni wa jamalgota na si wa uji?

VAIDYA: Fanyeni majaribio yenu.

MFAMASIA: Nimeyafikiria. Kuna kikwazo: dawa ya kuharisha haifichiki. Mgonjwa akipewa ya bandia atajua kabla ya saa sita mchana. Kwa hiyo sitoi ya bandia. Nagawa kwa kura makundi matatu, wote wapate samli, jasho na uji. Kundi la kwanza jamalgota, la pili nishoth ya kweli, mizizi tuliyoithibitisha wenyewe, la tatu polietilini glikoli, ile tunayowapa watu kabla ya kupimwa utumbo kwa kamera. Wote wataharisha. Kama tiba ni kuharisha, watapona sawa. Kama jamalgota ina siri ya ziada, kundi lake litashinda.

HAKIM: Na wakipona sawa?

MFAMASIA: Basi jamalgota imefukuzwa na Charaka mwenyewe. Ipo njia nyingine.

Hii ndiyo hoja ninayoiona nzito kuliko zote zilizosemwa dukani, kwa sababu haimtaki vaidya aache chochote anachokiamini. Inamtaka tu aifuate kanuni yake mpaka mwisho.

VAIDYA: Nakubali, kwa sharti moja. Wagonjwa nichague mimi. Ninyi mnaokota yeyote mwenye jina la ugonjwa. Mimi naangalia tumbo: laini, la wastani, au gumu. Jamalgota ni ya wenye tumbo gumu, na hasa wagonjwa wa udara, wale waliojaa maji tumboni. Kwa hao Charaka ameagiza kuharishwa kila mara.

MFAMASIA: Hao ndio siwezi kukupa. Wengi wao ini limekufa. Sisi nasi tunawaharisha, usidhani hatujui: anayeanza kuchanganyikiwa akili kwa sumu ambazo ini limeshindwa kuzichuja tunampa laktulosi, na tunahesabu, kama wewe. Tunataka choo laini mara mbili au tatu kwa siku. Zikizidi, mwili unakauka, potasiamu inashuka, na kuchanganyikiwa kunarudi vibaya zaidi. Ukimpeleka mtu huyo safari thelathini, utamzika.

VAIDYA: Ishirini.

MFAMASIA: Hata kumi, Vaidyaji.

HAKIM: Basi dawa yenu imekosa mgonjwa. Mwenye afya anaiweza lakini haihitaji. Anayeihitaji haiwezi.

VAIDYA: Yupo wa katikati, Hakim Sahib. Kijana mwenye nguvu, tumbo gumu, ngozi yake imebabuka magamba na imekataa kila dawa. Hao hunijia, na virechana ndiyo huwatuliza.

MFAMASIA: Soriasi. Hao nitawapokea. Ngozi inaonekana, magamba yanapimika, na hakuna atakayekufa kwa kungoja. Ila tuanze na makundi mawili, nishoth na glikoli. Jamalgota ibaki kabatini mpaka nishoth ishindwe.

VAIDYA: Kabatini, si jalalani.

MFAMASIA: Kabatini, na ufunguo ukae kwa mtu mmoja.

MTEJA: Na mimi niko kundi gani?

VAIDYA: Hakuna, mama. Wewe huumwi.

MTEJA: Siumwi kwa sababu nasafishwa kila mwaka!

HAKIM: Basi mwaka huu usisafishwe, tuone.

MTEJA: Nikiugua, kati yenu watatu nani atalipa?